Saa ya Msaili

Mfafanuzi, mnara wa kioo uliomzidi mtu kimo kidogo, alisimama katikati ya ukumbi wa shule akiwaonyesha wazazi michoro ya mwanga iliyoelea hewani. Mamlaka ya Vipimo ilikuwa imepeleka mashine kama hiyo katika kila shule ya serikali ya Tabora mpya ili wazazi wauelewe mtihani mpya. Asubuhi nzima ilikwisha, na hakuna aliyeelewa kitu.

"Mimi nauliza, Nyamizi wangu amekuwa wa ngapi?" alirudia Bwana Kapela, fundi wa pampu za maji.

"Kipimo Sanifu hakipangi nafasi, mzazi mpendwa. Kinapima kasi ya fikra."

"Haya. Katika hiyo kasi, amekuwa wa ngapi?"

Mhandisi Sikudhani, aliyetumwa kumsimamia Mfafanuzi, alifumba macho. Swali lilikuwa lilelile tangu milango ifunguliwe, na jibu la kipuuzi lilikuwa lilelile, kwa upole uleule. Mashine haichoki, na hilo ndilo lililomchosha.

"Nyamizi amepangiwa Mkondo wa Taratibu," Mfafanuzi aliendelea. "Jumatatu atahamia shule ya ng'ambo ya jiji. Huko hakuna maabara."

Bwana Kapela aliinuka kitini. "Mtoto anayefungua pampu zangu na kuzifunga zikafanya kazi, ndiye mnamwita mzito? Dada, hebu njoo. Hili dude limenishinda. Alikosa swali gani?"

Sikudhani alitazama matokeo. Nyamizi hakukosa hata moja. Kwa hasira aliyoshindwa kuificha, aliamuru picha za mtihani zionyeshwe.

Msaili, mashine yenye jicho moja iliyotahini watoto katika chumba cha pili, ilionekana ikiwaka. Saa yake ilianza pale mtoto alipokanyaga kizingiti. Nyamizi aliingia, akakunja mikono, akainama kidogo.

"Shikamoo."

Msaili haikujibu. Mtoto akasubiri. Akadhani hajasikika, akapaza sauti, "Shikamoo!" Akasubiri tena, amesimama wima mbele ya kiti, maana nani alimfundisha kukaa kabla mkubwa hajaitikia? Saa ilikuwa inakwenda. Mwisho alikaa, uso umemshuka, akajibu maswali yote haraka na sawasawa.

"Mchelewo wa fikra," alieleza Mfafanuzi.

"Mchelewo wa nini?" Sikudhani alifoka. "Anakuamkieni! Itikieni, basi!"

"Msaili haina kauli ya kuitikia. Kipimo ni kimoja kwa wote, kwa hiyo hakina upendeleo."

Sikudhani alipiga simu Mamlaka. Akaitikiwa na Mfafanuzi mwingine, mpole vilevile. Alitamani kumfokea mtu au kung'oa waya, ila hapakuwa na mtu wala waya.

"Marudio yanaruhusiwa leo," alisema Mfafanuzi wa ukumbini. "Ushauri kwa mzazi: mtoto asisalimie. Aingie, akae, ajibu."

Bwana Kapela alijikuna kidevu, kisha akamwita binti yake pembeni.

"Ukiingia, kaa tu. Usimwamkie."

"Lakini Baba, si mkubwa?"

"Fanya ninavyokwambia, mama."

Sikudhani alimwona Nyamizi akiingia. Safari hii hakukunja mikono wala kufungua mdomo kabla ya kuulizwa. Muda si mrefu Mfafanuzi alitangaza kwa furaha kwamba amepanda Mkondo wa Kasi, na kwamba mzazi sasa ameuelewa mtihani. Wazazi walipiga makofi, kisha wakaanza kuwavuta watoto wao pembeni mmoja mmoja, wakiwanong'oneza. Watoto wakapanga foleni. Walimpita Sikudhani mlangoni bila kumwamkia wala kumtazama, macho kwenye lile jicho la Msaili. Iliwauma wote wawili, yeye na Bwana Kapela.

Nyamizi alirudi akamshika baba yake mkono. Alikuwa na furaha, ila alikuwa na swali.

"Baba, kesho tukienda kwa bibi, naye nisimwamkie?"

Bwana Kapela alimgeukia Sikudhani, aliyetumwa pale kumsimamia Mfafanuzi, akangoja amfafanulie mtoto.