Maelezo ya Glen kwa Wakili

Verlin Haugen alikutwa Jumamosi amekufa ndani ya kibanda chake cha kuvulia samaki, juu ya ziwa lililoganda. Alikuwa ameketi, ndoana bado imo kwenye tundu la barafu. Bomba la moshi la jiko lilikuwa limezibwa kwa nje. Uchunguzi wa maiti ulithibitisha: moshi wa sumu.

Alama za vidole mlangoni zilikuwa za mwanawe, Glen, aliyegombana naye Ijumaa mbele za watu.

Jumatatu asubuhi Inspekta Maureen Skoglund alibisha hodi kwa Glen, hati ya upekuzi mkononi. Alimkuta jikoni na dadake, Arlys. Karatasi zilitapakaa mezani, kahawa imepoa.

"Sisemi kitu," Glen aliwahi. "Saa nane namwona wakili. Kaniambia niandike kila kitu, saa kwa saa, na nifunge mdomo."

"Sawa. Funika hizo karatasi, sina ruhusa ya kuzisoma. Nataka koti na buti tu."

Glen alizifunika kwa viganja. Tangu alfajiri alikuwa akiandika na kufuta. Jumamosi asubuhi alikuwa wapi? Peke yake, akiendesha gari bila kwenda popote. Wakili gani angeamini hilo?

"Mwacheni, jamani!" Arlys alifoka. "Huyu aue? Huyu akiona panya anapanda kiti! Hata hiyo taulo hajawahi kuiona!"

Inspekta aligeuka polepole. "Taulo gani?"

"Ile... ya kwenye bomba."

"Tulitangaza kwamba bomba lilizibwa. Hatukusema lilizibwa na kitu gani."

Kalamu ilimponyoka Glen. "Arlys, nyamaza! Usiseme neno mpaka wakili..."

"Siku mbili hizi hujala, Glen. Nilidhani watasema ni ajali."

"Ngoja kwanza," Inspekta alisema. Akamsomea haki zake: ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili. "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Ni mimi. Nilisubiri baba awashe jiko, nikaisokomeza ile taulo."

"Kwa nini?"

Arlys alimtazama kaka yake, si Inspekta.

"Wiki hii baba angemtoa mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee, amrudishe kwenye ngumi zake. Mama ametusahau majina sote, lakini akisikia sauti ya baba bado anajikinga uso. Majuzi nilimkuta anacheka na wauguzi. Nina miaka arobaini na sita, Glen. Sikuwahi kumsikia mama akicheka."