Chwara Chwara, Nyangumi Yuko Wapi?

Sogeeni. Sogeeni tena!

Apeni kwanza. Semeni wote: "Haki ya nani, simwambii mtu!"

Haya. Sasa nasema, maana mbavu zinaniwasha kwa kucheka.

Kuna mtoto anaitwa Chiku. Yuko darasa la kwanza. Anakaa mbele kabisa, maana mfupi huyo, kama kinu!

Nyumbani kwao kuna kochi jipya. Mama yake hajalitoa nailoni. "Litachafuka!" anasema Mama.

Basi Chiku akikaa, kochi linalia:
Chwara, chwara!
Akijigeuza, linalia tena:
Chwara, chwara!
Hata paka wao halipandi!

Siku hiyo Chiku kawahi shule. Hata chai hakumaliza. Mwalimu Nuru kasema atawaonyesha nyangumi. Anaogelea ukutani!

Imekuja projekta. Mpya! Ni mashine ndogo, ina jicho moja. Jicho linatoa mwanga, na picha inatokea ukutani, kubwaaa!

Lakini projekta ni moja, shule ni nyingi. Kengele ikilia tu, inakwenda shule nyingine.

Mwalimu Nuru kaziba madirisha kwa kanga. Giza! Kabonyeza.
Tii!

Ukutani kukatokea kitu. Cheupe. Kizito. Hakina mkia, hakina kichwa.

"Mwalimu," kauliza Kombo, "huyo nyangumi au uji?"

Mwalimu kaisogeza mashine mbele. Uji.
Kairudisha nyuma. Uji.
Kaizima, kaiwasha. Tii!
Uji uleule!

Jasho likamtoka Mwalimu. "Jamani wanangu, kengele inakaribia. Labda mwakani."

Mwakani! Chiku machozi yakamlenga. Kafumba macho kwa nguvu, asilie.

Ndipo kasikia.
Chwara, chwara.

Kafumbua jicho moja. Kasikiliza tena.
Chwara, chwara.

"Mwalimu," kasema Chiku, "mashine inalia kama kochi letu."

Weee! Darasa zima, kwa kwa kwa kwaaa!
"Chiku kaleta kochi shuleni!" kasema Kombo.

"Kweli, Mwalimu! Kochi letu lina nailoni!"

Mwalimu Nuru kainama. Katega sikio.
Chwara, chwara.
Kashika mdomo. "Mungu wangu! Nailoni! Niliiacha mwenyewe, mashine isiingie vumbi!"

Ilikuwa palepale, imefunika jicho! Feni ya mashine inaipuliza, nayo inalia.

"Njoo, Chiku. Ivue wewe."

Chwaraaaa!

Nyangumi huyo! Kichwa kwenye ubao, mkia kwenye mlango. Kapita, taratiiibu. Kisha karusha maji juu: Puuuuu!

Kombo kaingia chini ya dawati, asilowe!

Ngo, ngo, ngo! Kengele ikalia. Iache ilie! Wote wameshamwona.

"Wanangu," kasema Mwalimu Nuru, "habari ya nailoni ibaki humu humu. Sawa?"
"Sawa, Mwalimu!"

Usiku Chiku kakaa kwenye kochi.
Chwara, chwara!
Kacheka peke yake.

"Unacheka nini wewe?" kauliza Mama.
"Simwambii mtu, Mama. Lakini hili kochi letu lina rangi gani?"

Mama kalitazama. Nailoni yote vumbi. Katazama tena. "He! Hata mimi nimesahau!"

Wakashika, huyu huku, huyu kule. Wakavuta.
Chwaraaaa!

Bluu! Bluu kama maji ya nyangumi. Na laini! Paka kawahi kupanda.

Chiku kajilaza. Kageukia huku. Kimya.
Kageukia kule. Kimya.
Kalala fofofo.

Mnataka kujua nani kaniambia? Mwalimu Nuru mwenyewe!
Na kaniapisha kwanza.