Kutu Chini ya Grisi

Kila siku akitoka shule, Sabra hula, huosha vyombo, kisha huenda kumsaidia mama yake, Bi Somoe, fundi umeme wa magari pale kisiwani, Kilindoni. Siku hiyo walikuwa na kazi ngeni: gari la mbio la Hafidhi, kijana aliyelivusha bahari kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amelifungia pampu kubwa ya mafuta, lakini nyaya zake za zamani zilikuwa nyembamba mno kuipelekea umeme wa kutosha.

Mama alivuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu kule nyuma, akaweka fyuzi mpya na relei, swichi ya kupitishia umeme mwingi. Ukabaki waya wa hasi wa pampu hiyo, ambao hufungwa kwenye bati la bodi ndani ya buti, karibu na tangi.

"Kwangua kutu kwa msasa mpaka bati ling'ae," alimwagiza Sabra. "Ukishafunga ndipo upake grisi. Chumvi ya bahari hapa kwetu haina huruma."

Mara rafiki yake Hasina akachungulia mlangoni. "Sabra! Netiboli inaanza, tunakungoja wewe tu!"

Sabra aliparuza msasa harakaharaka, akakaza nati, akapaka grisi tele. Kutu ikafichika, kazi ikapendeza machoni.

"Umekwangua vizuri?" mama aliuliza.

"Ndiyo mama, tayari."

Kule kiwanjani, alikuwa hajagusa hata mpira alipoliona gari likipita kwa kasi kuelekea Utende, kwenda kujaribiwa. Mama yake alikuwa amekaa mbele, kando ya Hafidhi.

Alisimama palepale. Si mama huyo huyo aliyemfundisha kwamba waya usiogusa bati vizuri hupata moto? Na pale palikuwa na petroli! Nikisema, hatanipa kazi tena, aliwaza. Na nisiposema je? Mpira ukampita, wenzake wakamzomea, wala hakuwasikia. Akatimua mbio hadi dukani kwa Bi Jamila.

"Shikamoo Bi Jamila! Naomba simu nimpigie mama!"

"Marahaba. Kulikoni mwanangu, mbona unahema hivyo?"

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Haloo?"

"Mama, simamisheni gari! Sikukwangua kutu. Nilikudanganya!"

Alimsikia mama akipaza sauti, "Hafidhi, simama! Zima!" Kisha simu ikawa kimya. Sabra akaangua kilio pale pale dukani.

Gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Ganda la ule waya wa hasi lilikuwa limeyeyuka.

"Gari lilianza kukohoa, nami nikazidi kukanyaga mafuta," alisema Hafidhi. "Alhamdulillahi umepiga simu."

Mama hakugomba. Alimkabidhi Sabra msasa, akasimama kando yake mpaka bati likang'aa, kisha wakafunga waya mwingine.

"Kutamani mchezo si kosa, mwanangu," alisema akifuta mikono. "Ungeniambia 'bado', ningemalizia mwenyewe nawe ukaenda zako. Uliposema 'tayari', nilipanda gari kwa kuliamini neno lako. Na uliposema kweli, niliamini vilevile, nikashuka. Basi jua kwamba watu hupanda na kushuka kwa neno lako. Usilitoe ovyo."