Mlango wa Chumba cha Hilmi

Kwenye vibanda vya vitabu vya Azbakiya, Cairo, Shahira alidaka riwaya kuukuu na mkono mwingine ukaidaka upande wa pili. Mwenye mkono alikuwa Wagdi, mwalimu mwenye miwani na shati lisilopigwa pasi.

"Niachie, bibi. Nimekitafuta mwaka mzima."

"Basi endelea kutafuta."

Wakakubaliana wasome kwa zamu, na ndiyo ikawa sababu ya simu za kila jioni. Kitabu kilimhusu baba anayegeuka chumvi kidogo kidogo, mpaka wanawe wanamfungia chumbani.

"Mimi naona ni ugonjwa tu, roho yangu," Wagdi alisema jioni moja. "Na familia ilifanya vyema. Wangeishije?"

Shahira akakata simu. Kaka yake Hilmi ana kifafa, na kila wachumba wakija mama yao humfungia chumba cha ndani, akafungulia redio kwa sauti kubwa. Wachumba wawili walishajua, wakaingia mitini. Wiki mbili hakupokea simu ya Wagdi.

Basi Wagdi akaja mwenyewe kuposa, na mama yake, na sanduku la keki za basbusa. Shahira, katika gauni lake la kijani, aligawa chai. Mara kitu kikaanguka chumba cha ndani. Puu!

"Majirani hao," mama yake Shahira akasema, akaongeza redio.

Kishindo cha pili. Shahira alimwona Wagdi ameukodolea macho ule mlango, akajua kwisha habari yake. Hata hivyo akampokonya mama yake ufunguo, akafungua.

Hilmi alikuwa sakafuni, povu mdomoni. Wagdi akampita Shahira, akapiga magoti, akamlaza Hilmi ubavu, akamlegezea ukosi. Mikono yake haikubabaika hata kidogo.

"Umejifunza wapi?" Shahira akanong'ona.

"Kwa baba yangu, naye alikuwa na kifafa. Nilikuwa namfungia mimi. Siku moja nikachelewa kufungua."

Sebuleni mama yake Wagdi alikuwa ameanza kulia.

"Na ile simu? Ulisema walifanya vyema."

"Ulitaka niseme nini, Shahira? Miaka sita najiambia hivyo nipate usingizi."

Hilmi akatulia, pumzi zikarudi.

"Nataka kukuoa, na yeye akae nasi."

"Na ukichoka?"

"Nitachoka," Wagdi akasema. "Siku nyingine nitachoka sana."

Hilo ndilo jibu lililomwogopesha Shahira kuliko yote, na kwa sababu yake akamkubali.