Zamu ya Aliye Juu

Haya aliniambia Guleid mwenyewe, rafiki yangu fundi wa rangi, na Guleid si mtu wa kutia chumvi.

Alitumwa apake chokaa ukingo wa kisima cha kale nje ya Buna, nje na ndani. Kisima chenyewe kilikauka zamani. Siku hizi ni kumbukumbu tu. Watu hukizunguka siku ya sikukuu, wakapiga picha, kisha wakakiachia upepo mwaka mzima.

Alasiri hiyo alikuwa peke yake. Ili asikie walau sauti yake, akaanza wimbo wa kunyweshea ngamia. Kwetu wimbo huo ni wa watu wawili: wa juu huanza, naye aliye chini kisimani huitikia huku akijaza ndoo. Wa juu hanyamazi mpaka mwenzake atoke, maana katika giza lile sauti ndiyo kamba yake.

Guleid akaimba ubeti mmoja, akachovya brashi.

Kutoka chini, mtu akaitikia.

"Wallahi, walaal, ndugu yangu, ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka," aliniambia. "Akamaliza, akanyamaza. Ilikuwa zamu yangu."

"Ukafanyaje?"

"Nilikimbia. Nikiwa mbali, bado nilimsikia akirudia mwitikio uleule."

Asubuhi yake alinibeba kwa pikipiki twende kuchukua brashi zake. Upande wa ndani wa ukingo, kwenye chokaa iliyokwisha kukauka, kulikuwa na alama za vidole vinane. Vilikuwa vimeshika juu kabisa, kisha vikaburura mistari mirefu kurudi chini, gizani.