Maneno Kamili ya Kapita Hubert

Mama Honorine alikuwa na kiti kizuri kuliko wanawake wote wa mtaa wake. Kilikuwa laini. Kilikuwa na rangi ya machungwa. Tatizo ni moja tu: hakikuwa kiti. Kilikuwa gilet, vazi la kumsaidia mtu aelee akianguka majini.

Miaka miwili nyuma watu wa mradi walipita kwa wavuvi wa maporomoko ya Kisangani. Kila nyumba ilipewa gilet mbili. Kwa Mama Honorine, moja ilitundikwa msumarini ikapigwa na vumbi. Ya pili aliikalia kila asubuhi akitwanga ndizi za lituma, yale madonge ya ndizi ya kula na mboga.

Asubuhi moja mume wake, Papa Augustin, alitoka na kamba za miti begani. Mama Honorine aliacha kutwanga, akamwita kwa jina la binti yao.

"Papa Glodie, maji imepanda tangu juzi. Vaa basi gilet."

"Gilet ni ya watu wa ville, wale wa mjini," alisema Augustin. "Mimi niko mutoto wa hapa. Kapita Hubert alisema nini? Maji inatujua."

"Hata jirani yetu Rolly alisema vile, na maji ikamubeba."

"Rolly, mama yake alikuwa mutu wa Bengamisa. Maji haikumujua."

Akaenda zake. Mama Honorine alibaki na mchi mkononi na hofu moyoni.

Kapita Hubert alikuwa babu yake Augustin. Zamani alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wavuvi wa maporomoko. Kazi yao ni ile ile mpaka leo. Wanasimika miti mirefu kati ya mawe, mahali ambapo maji yanakimbia kwa nguvu. Wanaifunga kwa kamba za msituni. Kisha wanapanda juu ya miti hiyo na kushusha vikapu vikubwa, na samaki wanaingia wenyewe. Ni kazi ya watu wenye moyo. Mti ukiteleza, mtu naye ameteleza.

Augustin hakumwona babu yake hata siku moja. Lakini maneno yake mawili aliyajua, kama wavuvi wote. Maji inatujua. Waliyasema asubuhi wakiondoka. Waliyasema jioni wakinywa. Na Rolly, jirani yao, alipoteleza mwaka uliopita na mto ukarudisha kofia yake tu, waliyasema tena kwa namna nyingine. Maji haikumujua. Mama yake alikuwa mtu wa Bengamisa, kwa wakulima.

Chimène, mke wa Rolly, aliyasikia maneno hayo siku ya matanga, mtoto wao akiwa mgongoni. Tangu siku hiyo hashuki tena mtoni.

Mama Honorine alikuwa anasoma. Ndiyo, mama wa watoto wanne, na daftari chini ya kwapa! Mara mbili kwa wiki alikwenda kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, ambako Mama Hélène aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alianza na jina lake. Sasa aliweza kusoma sentensi nzima, polepole, kidole chini ya kila neno.

Siku hiyo Mama Hélène aliwaeleza habari za Lumumba, aliyewahi kufanya kazi ya posta katika mji huu huu wa Kisangani.

"Alipokuwa kifungoni alimwandikia mke wake barua," alisema. "Alisema kwamba Afrika itaandika historia yake yenyewe. Bon. Afrika ni nani? Si ni sisi? Kila mmoja alete neno la kiongozi wa kwao. Tutaliandika hapa."

Mama Honorine aliinua mkono mbele ya wote.

"Mimi niko nayo tayari. Kapita Hubert alisema: Maji inatujua."

Mama Hélène aliandika ubaoni. Kisha akageuka.

"Alisema siku gani?"

"Sijue, Mama Hélène."

"Alikuwa anaongea na nani?"

"Na... watu."

"Yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini siku ile?"

Darasa lilicheka kidogo. Mama Honorine aliona aibu. Miaka kumi na tano ameolewa katika ukoo huo, na maneno hayo ameyasikia kila siku, lakini jibu hana hata moja.

"Usione haya," alisema Mama Hélène. "Watu wengi tunashika neno la mkubwa kwa mkia tu. Kichwa hatukijui. Ukisikia neno la kiongozi, uliza mambo matatu hayo. Neno zuri halitakasirika kwa kuulizwa."

Baada ya somo Mama Honorine alibaki. Alimweleza habari ya maji yaliyopanda, na ya gilet. Alipotaja kiti, Mama Hélène alishika kichwa.

"Unaikalia? Kila siku?"

"Iko muzuri sana kwa kukaa!"

"Mama, ndani ya gilet kuna sponji yenye hewa. Hewa ndiyo inamuinua mtu. Ukiikalia, sponji inalala, inakuwa bapa. Siku mtu akianguka, haitamuinua vizuri. Leo ipeleke ukingoni, mahali maji yametulia. Ifungie jiwe. Uone inaelea namna gani. Na angalia mikanda yote kama inafunga. Gilet isiyofungwa inapanda juu ya kichwa, mtu anabaki chini."

Mama Honorine alifanya hivyo jioni ile ile, pamoja na binti yake Glodie. Gilet ya msumarini ilielea na jiwe lake kama mtumbwi. Gilet ya kiti ilijaribu kidogo, ikainama upande mmoja, ikazama. Mama Honorine aliivuta kwa kamba. Alijisikia vibaya sana. Amemgombeza mume wake kila asubuhi, na yeye mwenyewe ameua gilet kwa makalio!

Kesho yake alipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka sokoni kwa Tantine Orpha. Tantine Orpha, shangazi yake Augustin, alikuwa binti wa mwisho wa Kapita Hubert. Aliuza chikwangue, mikate ya muhogo iliyofungwa majani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha kukatia majani.

"Tantine, papa yako alisema Maji inatujua. Alisema siku gani?"

Tantine Orpha aliacha kupanga chikwangue.

"Nani alikata maneno ya papa yangu?"

"Watu wote wanasemaka vile, Tantine."

"Watu wote ni wavivu! Keti hapa. Nilikuwa mutoto mudogo, lakini nilikuwa pale. Maji ilibeba watu wawili mu wiki moja. Watoto wa hapa hapa, papa na mama wa hapa. Papa yangu akaita wanaume wote ku mawe. Akasimama mbele yao na kamba ku kiuno. Mwenzake alikuwa juu ya jiwe, anashika ile kamba ku mikono. Papa akasema: Maji inatujua sisi wote kwa majina. Inajua pia nani aliacha kamba ku nyumba."

Mama Honorine alihesabu kwa vidole. Watu wawili wa hapa hapa. Basi maji hayakuchagua mtoto wa hapa wala mgeni.

Akafungua daftari. "Tantine, sema tena. Mupole-mupole."

Aliandika neno kwa neno. Jasho lilimtoka. Mteja mmoja alisubiri chikwangue mpaka akachoka, na Tantine Orpha hakumjali.

Jioni, baada ya chakula, Mama Honorine alimsomea mume wake. Kidole kilitembea chini ya maneno. Augustin alisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Hiyo umetunga wewe na Mama Hélène wako."

"Nimeandika ku mudomo ya Tantine Orpha. Chukua, soma. Ukiona ni uongo, uende kumuambia yeye."

Augustin aliacha kucheka. Hakuna mtu katika ukoo huo aliyetaka kwenda kumwambia Tantine Orpha kwamba ni mwongo. Alichukua daftari. Alisoma mara moja. Alisoma tena. Kisha akalirudisha na kwenda kulala.

Asubuhi Mama Honorine alisikia kitu kikitolewa msumarini. Augustin alikuwa anafuta vumbi.

"Mama Glodie, mikanda hii inafungaka namna gani?"

Alimfungia yote mitatu. Mikono yake ilikuwa na haraka, kama mtu anayeogopa mwenzake asije akabadili nia. Kule mtoni Augustin alijifunga kamba kiunoni, akamwomba mvuvi mwenzake, Eddy, ashike ncha yake juu ya jiwe. Wavuvi wengine walimcheka sana. Walimwita Papa Chungwa. Alivumilia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne mti ulivunjika.

Mama Honorine alikuwa ukingoni akisubiri samaki. Aliona mume wake juu, kisha hakumwona. Maji meupe yalifunika kila kitu. Kelele za wavuvi zilikatika. Alikimbilia kwenye mawe.

Kisha rangi ya machungwa ikatokea. Ikazama. Ikatokea tena, na mara hii kichwa kilikuwa juu yake. Eddy alivuta kamba. Wengine wawili wakamkimbilia kumsaidia. Augustin alifika kwenye mawe akitapika maji na kulalamikia kikapu chake kilichokwenda.

"Kikapu!" alisema Mama Honorine. Alicheka na kulia pamoja, akaketi juu ya mawe yaliyolowa. "Anaongea juu ya kikapu! Asante Mungu wangu."

Hakuna aliyesema Papa Chungwa siku hiyo. Kesho yake gilet tano zilionekana juu ya miti, na nyingine zilikuwa bado na vumbi la msumarini. Zile zilizolala kwa kukaliwa ziliwekwa kando.

Augustin alipumzika siku mbili. Alimchongea mke wake kiti cha mbao, kifupi, kigumu, chenye miguu mitatu isiyolingana. Kisha akasema, "Chukua daftari yako. Tuende kwa Chimène."

Chimène aliwapokea mlangoni. Augustin alivua kofia.

"Dada, tulisema maji haikumujua Rolly. Tulisema vibaya. Maji ilimujua kama inanijua mimi. Juzi nilianguka kama yeye. Mimi nilikuwa na kamba na gilet, yeye hapana. Ni ile tu. Si juu ya mama yake."

Mama Honorine alifungua daftari akamsomea maneno ya Kapita Hubert, yote, bila kukosea. Chimène alisikiliza huku amefunika mdomo kwa kitambaa. Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo wa mwaka mzima.

"Donc, basi mutoto wangu naye," aliuliza, "maji inamujua?"

"Inamujua," alisema Augustin. "Na siku atapanda ku miti, mimi ndiye nitamufungia mikanda."