Kila Jumapili Nilitangaza Namba ya Mwanangu

Nina umri wa miaka sabini na mmoja, ni baba wa watoto watatu, na ninaishi Mugutha, Ruiru. Namshukuru Mungu kwa uhai. Haya ninayowaandikia nimeyabeba muda mrefu, na yamenichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Kwa miaka mingi nilitunza viwanja vya tenisi katika klabu moja mjini Thika. Nilimwagia udongo maji, nikavuta roli ya kuushindilia, nikachora mistari kwa chokaa. Mwanangu wa mwisho, Njoroge, alijifunzia mchezo hapo. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa mchezaji wa kulipwa, akizunguka nchi za watu kutafuta pointi.

Orodha ya wachezaji wa dunia hutoka kila Jumatatu. Siku aliponionyesha jina lake kwenye simu, namba elfu moja na mia moja, nililia... Jumapili yake nilisimama kanisani wakati wa shuhuda, nikaitangaza. Watu wakapiga makofi.

Basi ikawa desturi. Namba ilizidi kuwa ndogo, na kwenye tenisi ndogo ndiyo bora. Mia tisa. Mia saba na arobaini. Mia sita na kumi. Wazee wenzangu waliningoja mlangoni: "Baba Njoroge, leo tuko namba ngapi?" Nilipenda swali hilo kupita kiasi.

Kisha namba ikaanza kukua. Njoroge alinieleza kwa upole kwamba pointi hudumu mwaka mmoja tu; usipozishinda tena, zinakutoka. Mimi sikutaka kuelewa. Nilimwuliza kama ameacha maombi, kama kuna dhambi anaificha.

Akajibu, "Hapana, Baba. Ni bega."

Alikuwa akinipigia simu kutoka Tunisia, na daktari alikuwa amemwambia apumzike miezi minne. Ni mzazi gani asingesema, mwanangu, rudi nyumbani? Mimi nilimwambia, "Ukipumzika, namba itaanguka. Kanisa zima limefunga na kuomba kwa ajili yako. Jumapili nitasimama niwaambie nini?"

"Waambie naumwa."

"Imani haisemi hivyo, kijana wangu."

Akacheza. Alidungwa sindano za kutuliza maumivu, akashinda mechi mbili, nami nikazitangaza. Katika ya tatu, akipiga sevu, ule mpira wa kuanzisha, kitu kikakatika begani...

Alirudi mkono ukiwa umefungwa kifuani. Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mzee, ulikuwa ukimwombea mtoto, au ukiiombea namba?"

Njoroge alipasuliwa, lakini bega halikurudi lilivyokuwa. Nami kila Jumatatu niliendelea kufungua ile orodha. Elfu moja. Elfu moja na mia tano. Jumatatu moja nilishuka hadi jina la mwisho, nikarudi juu, nikaanza upya. Hakuwemo.

Jumapili iliyofuata mzee mmoja akanitania mlangoni, "Mbona siku hizi hutuambii tuko wapi?" Nikasimama wakati wa shuhuda, nikasema ukweli wote: kwamba mwanangu aliniambia anaumwa, nami nikamrudisha uwanjani ili niwe na la kusema mbele yao. Hakuna aliyepiga makofi.

Siku hizi Njoroge anafundisha watoto tenisi Thika, kwenye viwanja vile vile nilivyovichorea mistari. Nilipomwomba msamaha alisema, "Baba, hayo tumeyamaliza." Bado ananitii, na utii huo ndio unaonichoma, kwa kuwa ndio uliomvunja.

Jumapili hukaa kando yangu. Tunapoambiwa tuinue mikono tumsifu Mungu, wake wa kushoto hupanda. Wa kulia hufika kifuani, ukaishia hapo.

Wazazi wenzangu, nawasihi kama mtu aliyechelewa. Shukuruni kwa watoto wenu, lakini msiwafanye ushuhuda wenu. Mwanao akikwambia anaumwa, msikilize siku hiyo hiyo. Kanisa litangoja.